Darasa la Watoto 90 Bila Kiboko

Kipindi cha hisabati katika darasa la 5 kina dakika 40. Mwalimu anaingia, watoto 90 wanasimama, wanaimba salamu, wanaketi. Monita anabeba rundo la madaftari yaliyosahihishwa jana na kuanza kuita majina, moja baada ya jingine. Kila jina linakula kama sekunde 5: mtoto asikie, ajipenyeze kati ya wenzake waliobanana kwenye dawati la watu 3, afike mbele, achukue, arudi. Zidisha mara 90 upate sekunde 450, yaani dakika 7 na nusu. Muda wote huo karibu darasa zima halina la kufanya. Nyuma soga zimeshaanza, wawili wanagombea kalamu, mmoja anamvuta mwenzake shati. Mwalimu anageuka, anapiga ubao kwa kiganja: "Kelele!" Darasa linatulia nusu dakika, kisha linavuma tena kama mzinga wa nyuki. Hapo ndipo mkono unapoanza kutafuta kiboko.

Kelele ile imeletwa na namna madaftari yanavyogawiwa. Madaftari yale yale yakipangwa kwa safu tangu jana wakati wa kusahihisha, kila safu na rundo lake, kila safu na mtoto wake wa kugawa, kazi yote inakwisha chini ya dakika 2 na hakuna anayenyanyuka ila wagawaji. Ukiokoa dakika 5 tu kwa kipindi, vipindi 5 kwa wiki, kwa wiki 12 za muhula, umepata dakika 300. Hivyo ni vipindi 7 na nusu vya hisabati ambavyo watoto walikuwa wanavipoteza, na wengine wakichapwa kwa kuvipoteza.

Mjadala wa nidhamu katika shule za Uganda umekwama kwa miaka mingi kwenye swali la fimbo: ipigwe au isipigwe. Hoja yangu ni kwamba swali hilo, ijapokuwa sheria imeshalijibu, limefunika jingine lililo zito zaidi. Makosa mengi ya darasani huzaliwa katika dakika ambazo mwalimu hakuzipangia kazi, na mwalimu asiyejua kuzipanga atatafuta fimbo, au kitu kinachofanana na fimbo, hata sheria iseme nini.

Sheria yenyewe haina utata. Waraka namba 15 wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2006 ulipiga marufuku adhabu ya viboko katika shule na vyuo. Miaka 10 baadaye, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yakaifanya kuwa jinai: mwenye mamlaka katika taasisi ya elimu akimwadhibu mtoto kwa kumpiga anaweza kufungwa hadi miaka 3, au kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 2, au vyote viwili. Juu ya hayo, Katiba ya 1995, kifungu cha 24, inakataza adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha kwa mtu yeyote.

Lakini nenda shule nyingi uangalie. Utafiti uliofanywa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, uliochapishwa 2015, ulipima programu ya kupunguza ukatili shuleni ya shirika la Raising Voices la Kampala kwa muda wa miezi 18. Katika shule ambazo hazikupata programu, karibu asilimia 49 ya wanafunzi walisema walipigwa na mtumishi wa shule katika wiki moja iliyopita. Katika shule zilizopata programu ilikuwa asilimia 31. Takwimu hizo nazisoma kwa pande zote mbili. Kushuka kutoka karibu nusu hadi chini ya theluthi ni kazi kubwa, tena imefanyika katika shule zetu hizi hizi, zenye walimu wetu na madawati yetu. Ila asilimia 31 katika wiki moja, miaka kadhaa baada ya waraka wa wizara, inaonyesha kwamba marufuku peke yake haijamfundisha mwalimu afanye nini saa 4 asubuhi watoto 90 wanapoanza kuvuma.

Pale palipoachwa wazi pamejazwa na vitu vingine: kupiga magoti kwenye kokoto, kusimama juani, kuruka kichurachura, kuvutwa masikio, kuitwa "mbuzi" mbele ya wenzako. Mwalimu anayetoa adhabu hizi huamini kabisa kwamba ameacha kiboko. Ameacha mti tu. Mtoto bado anaumizwa, bado anaaibishwa, na bado hajui alitakiwa afanye nini badala ya alichofanya.

Kabla ya kosa

Mwaka 1970 mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, alitoa matokeo ya kazi ambayo kila chuo cha ualimu kingepaswa kuifundisha wiki ya kwanza. Aliwarekodi walimu kwa video darasani, wenye madarasa tulivu na wenye madarasa ya vurugu, akatafuta wanavyotofautiana katika kumkanya mtoto aliyekwisha kukosa. Hakuona tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa: mwalimu wa darasa tulivu aliona kila kona, alishika mambo mawili kwa wakati mmoja, alihama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila pengo, na hakuacha kundi likae bure huku akishughulika na mtoto mmoja.

Yapeleke haya kwenye chumba cha Mukono au Mbale na kazi inaanza kuonekana. Anza na dakika 5 za kwanza. Kabla watoto hawajaingia, ubaoni pawe na swali moja au mawili ya kazi ya jana, mepesi kiasi kwamba hata mtoto wa nyuma kabisa anaweza kuanza bila kuuliza. Watoto wanaingia, wanakaa, wanafungua, wanaandika. Mwalimu anasimama mlangoni wakati huo, si mezani, kwa sababu mlangoni ndipo ugomvi wa uwanjani unapoingilia, na mtoto aliyeingia ameshavimba uso huonekana pale kabla hajamfikia adui yake. Kinachoharibu mpango huu ni mwalimu anayeufanya Jumatatu na Jumanne, kisha Jumatano akaacha. Watoto wanahitaji kama wiki 2 za kila siku ndipo mazoea yashike. Katika wiki hizo mwalimu ataona kama anapoteza muda. Avumilie.

Jambo la pili ni ishara ya kunyamaza. Mkono juu, makofi ya mdundo fulani, kengele ndogo, chochote, ilimradi kiwe kimoja na kisibadilike. Kifanyiwe mazoezi kama wimbo: wiki ya kwanza ya muhula, mara 10 kwa siku, hata kama hakuna kelele. Kosa la kawaida hapa ni dogo na linaua kila kitu. Mwalimu anainua mkono, watoto 80 wananyamaza, 10 bado wanaongea, naye anaanza kusema. Papo hapo darasa zima limejifunza kwamba ishara ni ya wanaopenda. Kesho watanyamaza 60. Asubiri, mkono juu, mdomo umefungwa, hadi wa mwisho. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika nzima, na dakika hiyo ni ndefu mno ukiwa mbele ya watoto 90. Asikubali kuijaza kwa maneno.

Kisha ubao. Ukimuuliza mwalimu mzoefu ni lini darasa humponyoka, mara nyingi atakwambia: nikigeuka kuandika. Shule zetu vitabu ni haba, kwa hiyo mwalimu anaandika muhtasari mrefu ubaoni ili watoto wanakili. Dakika 10 mgongo umelipa darasa kisogo. Katika dakika hizo ndipo ndege za karatasi zinaporuka na mtoto mdogo anaponyang'anywa embe. Dawa zipo, tena si za gharama. Andika nusu ya ubao kabla ya kipindi. Muhtasari unaorudiwa kila mwaka, kama mchoro wa moyo au ramani ya mito, uchore mara moja kwenye manila au kwenye gunia la sukari lililofuliwa na kukatwa, utundike. Unapolazimika kuandika wakati wa somo, simama ubavu, bega likielekea ukuta na uso ukielekea watoto. Mwandiko utaharibika kidogo, si neno. Andika mistari 3, geuka, uliza swali, tembea, rudi uandike mingine 3.

Na ili atembee lazima pawe na njia. Hapa ndipo washauri wengi wa kigeni hutuacha, maana wao huandika kwa ajili ya chumba cha watoto 25. Katika chumba chetu madawati yamebanwa ukuta hadi ukuta, na watoto wa katikati wanajua vizuri kwamba mkono wa mwalimu, hata jicho lake, haliwafikii. Chukua nusu saa siku ya Ijumaa mchana na uyapange upya: mistari 3 ya madawati yenye njia 2 kati yake, kila njia ikitosha mtu mzima kupita ubavu. Ikibidi, dawati moja la mwisho litolewe na watoto wake wagawanywe. Dawati la mbele lisogee karibu zaidi na ubao. Watoto wasioona vizuri na wasiosikia vizuri wakae mbele. Hao ndio mara nyingi huandikwa "watukutu", ilhali wanachofanya ni kumwuliza jirani nini kimeandikwa. Kupima macho si lazima daktari: andika maneno 5 ubaoni kwa mwandiko wa kawaida, mwite mtoto asome akiwa nyuma.

Lugha na monita

Mtaala wa Uganda wa shule za msingi, tangu 2007, unataka darasa la 1 hadi la 3 lifundishwe kwa lugha ya eneo, darasa la 4 liwe la kuvuka, na kuanzia la 5 Kiingereza kitawale. Mijini na katika maeneo ya lugha nyingi, Kiingereza huanza tangu siku ya kwanza. Sasa fikiria mtoto aliyetoka Kongo na wazazi wake, yupo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro au Kyangwali huko Kikuube. Nyumbani ni Kiswahili. Shuleni mwalimu anasema Kiingereza, na akichoka anarukia Kinyankole au Kinyoro. Anatoa maagizo 4 kwa mkupuo: toa daftari, piga mstari, andika tarehe, fanya namba 3 hadi 7. Mtoto ameshika la kwanza. Anamgeukia mwenzake na kuuliza kwa Kiswahili, "Kasema nini?"

Katika shule nyingi mtoto huyo amefanya makosa 2 kwa sentensi moja: ameongea darasani, na ameongea "lugha ya nyumbani". Zipo shule ambazo bado humvika gunia kuukuu au kibao shingoni hadi atakapomnasa mwingine wa kumrithisha. Tazama vizuri kinachoadhibiwa hapo. Mtoto alikuwa anajaribu kulifuata somo. Akiadhibiwa mara 3, mara ya 4 hatauliza, atakaa kimya asielewe, na mwezi wa pili atakuwa amepata njia nyingine ya kupitisha muda, njia ambayo sasa ni ukorofi wa kweli.

Agizo moja kwa wakati. Lionyeshwe kwa vitendo: mwalimu anainua daftari lake mwenyewe, analifungua, anapiga mstari. Kisha anamtaja mtoto mmoja arudie agizo kwa lugha yoyote anayoiweza, na wengine wanamsikia. Sekunde 20 hizo huokoa maswali 30 ya kunong'onezana. Na kwa kuwa Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, ni vigumu kuona ni kwa hoja gani mtoto anavikwa gunia kwa kukisema.

Halafu kuna orodha ya wapiga kelele. Kila aliyesoma Uganda anaijua. Mwalimu anatoka, monita anabaki na karatasi, anaandika majina. Mwalimu akirudi, walioandikwa wanapata haki yao. Utaratibu huu umekaa sana hivi kwamba hatuuoni tena, na kwa maoni yangu unaharibu nidhamu kuliko karibu kitu chochote kingine cha kila siku shuleni. Monita wa miaka 12 amepewa mamlaka ya kuadhibisha bila ushahidi wala rufaa. Ndani ya wiki mbili bei zimeshapangwa: mandazi nusu, kalamu, nafasi ya kukaa karibu na dirisha, na jina lako linafutwa. Rafiki yake haandikwi. Aliyemkataa kwenye mpira anaandikwa mara 2, na alama ya "zaidi" pembeni. Mtoto aliyekuwa kimya akaandikwa anajifunza kwamba ukimya haumkingi, basi afadhali aongee. Monita mwenyewe anachukiwa, wakati mwingine anasubiriwa njiani kwa kulipizwa kisasi.

Mpe monita kazi, umwondolee ushushushu. Ahesabu watoto asubuhi, afute ubao, asimamie ugawaji wa madaftari, amwite mwalimu wa darasa jirani ikitokea ajali au ugomvi. Kazi ibadilishwe kila wiki 2 ili watoto wengi waionje, pamoja na wale watundu, maana mtoto mtundu akipewa rundo la madaftari mara nyingi hulibeba kama bendera ya taifa. Na mwalimu anapolazimika kutoka, aache kazi yenye mwisho unaoonekana, kwa mfano maswali 6 yatakayokusanywa akirudi. Akisema tu "someni kimya", ameacha watoto 90 na pengo.

Kosa likishatokea

Litatokea. Hakuna mpango unaoziba kila tundu. Hapo mwalimu anahitaji ngazi, aanzie chini na apande pole pole. Ya chini ni jicho: anakatiza sentensi yake katikati, anamtazama mtoto kwa sekunde 3, anaendelea. Ikishindikana, miguu: anatembea huku akifundisha hadi karibu na dawati lile, anasimama pale, halitaji kosa. Ikishindikana, jina, ila jina liwekwe ndani ya somo: "Robo ya 60, kama alivyotuambia Amina, ni 15. Na robo ya 80, Hassan?" Hassan anarudi darasani bila kuaibishwa. Ikishindikana, mwalimu anainama na kunong'ona, na anachonong'ona kiwe kitendo cha sasa, "andika namba 4", wala asiulize "kwa nini unaongea?" Swali hilo halina jibu jema, mtoto atadanganya au atanyamaza, na vyote viwili vitamkasirisha mwalimu zaidi. Mwisho wa ngazi ni kuhamishwa kiti na mazungumzo ya dakika 2 baada ya kipindi, wawili tu.

Ngazi hii huvunjika kwa namna ileile karibu kila mara: mwalimu anaruka kutoka jicho hadi kupayuka. Akipayuka kutoka mbele, watoto 89 wameacha kazi ili kutazama mmoja. Tena kwa wa sekondari ni hatari. Mvulana wa miaka 15 wa kidato cha 2 akikemewa mbele ya darasa zima hana njia ya kurudi nyuma bila kupoteza heshima yake. Atajibu. Mwalimu naye hawezi kurudi nyuma. Kilichoanza na kofia iliyovaliwa darasani kinaishia ofisini kwa mwalimu mkuu na mzazi ameitwa kutoka kijijini. Maneno yale yale, yakisemwa chini ya mwembe wakati wa mapumziko, kofia ingekuwa mfukoni.

Adhabu inapobidi, ifungamane na kosa. Aliyechora dawati alioshe. Ambaye hakufanya kazi ya nyumbani aifanye wakati wa mapumziko, mwalimu akiwa karibu wa kumsaidia, maana huenda nyumbani hakuna taa. Kazi isizidi dakika 15 na isile muda wa somo. Kumpeleka mtoto kufyeka nyasi saa nzima wakati wenzake wanajifunza hesabu za sehemu ni kumtengenezea kosa la kesho, kwa sababu kesho hataelewa hesabu hizo. Kuchota maji na kulima shamba la mwalimu si adhabu ya kielimu hata kidogo, ni kazi ya bure. Na darasa zima kupigishwa magoti kwa sababu mwizi wa kalamu hajajitokeza huwaunganisha wasio na hatia na mwizi dhidi ya mwalimu.

Kumsimamisha shule wiki 2 kijana ambaye alikuwa anatafuta njia ya kutoka ni kumpa likizo. Wengine hawarudi, kituo cha bodaboda kimeshawapokea.

Yapo makosa yasiyo ya ngazi hii: kupigana hadi kuumizana, bangi, wizi mkubwa, kumsumbua msichana kimwili. Hayo yaandikwe siku hiyo hiyo, yaende kwa mwalimu mkuu na kamati ya nidhamu, na mwalimu mlezi wa wasichana au wavulana ahusike tangu mwanzo. Panapokuwa na mtoto aliyedhulumiwa, awe amedhulumiwa na mwanafunzi, mzazi au mwalimu, simu ya msaada kwa watoto, Sauti 116, ni ya bure na namba hiyo inafaa kuandikwa ukutani ambapo mtoto anaweza kuiona bila kuomba ruhusa.

Wachelewaji nao wanahitaji daftari kuliko fimbo ya getini. Mwalimu wa zamu aandike kwa wiki 2 nani kachelewa na siku gani. Akifika mwisho, karatasi itamwambia mengi. Watoto wanaochelewa siku ya gulio peke yake walikuwa wanabeba mizigo ya mama zao. Msichana anayechelewa kila siku kwa dakika 20 huenda anachota maji na kumwogesha mdogo wake kwanza. Anayechelewa hovyo hovyo bila mpangilio, huyo ndiye wa kuzungumza naye kuhusu uvivu. Getini wote watatu walikuwa wanapata viboko sawa.

Njaa pia. Chini ya elimu ya msingi kwa wote iliyoanza 1997, chakula cha mchana kiliachwa kwa wazazi. Kwa hiyo saa 7 wapo watoto wanaokula posho, yaani ugali, na maharagwe, na wapo wanaokaa chini ya mti wakiwatazama. Saa 8 wote wanarudi darasani. Nusu hawana chochote tumboni tangu asubuhi, na ratiba inawataka wanakili historia kwa dakika 40. Mwalimu hawezi kupika, lakini anaweza kusogeza: kunakili kuwe asubuhi, mchana kuwe na kazi ya kusema, kuimba, kuigiza, kupima uwanja kwa kamba. Na kamati ya shule ikiwa na fedha kidogo, kikombe cha uji wa mahindi kitafanya kazi kubwa kuliko mkutano wowote wa nidhamu.

Wazazi wengi, niseme ukweli, ndio wanaoitaka fimbo. "Mwalimu, nimekukabidhi, mpige tu, nirudishie mifupa." Wanaisema kwa mapenzi, wakihofia mtoto asipotee. Nao wana methali mkononi: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo naipenda na sitaki kuwapokonya. Ila muulize yeyote aliyewahi kukausha samaki kando ya Ziwa Viktoria anavyomkunja. Anamkunja taratibu, kwa mikono miwili, akiwa bado na maji, kwa sababu ukimpiga atapasuka na hatauzika. Mbichi ndiyo sababu ya kumkunja kwa upole. Hata ile ya mchelea mwana kulia hulia yeye inamhusu mzazi asiyethubutu kusema hapana. Mwalimu anayesubiri mkono juu hadi mtoto wa mwisho anyamaze amesema hapana, bila kumgusa mtu.

Mkutano wa wazazi mwanzoni mwa muhula ndio mahali pa kulisema hili, na lisemwe kwa vitendo: kanuni 5 za darasa zisomwe kwa lugha ya pale, zikisema mtoto afanye nini ("inua mkono kabla ya kusema") badala ya orodha ya makatazo 20 yaliyobandikwa kwa Kiingereza ambayo mtoto wa darasa la 2 hawezi kuyasoma. Wazazi waulizwe kama wanazikubali. Wakishazikubali, mwalimu ana wa kumwita.

Na mwalimu mkuu asisubiri kesi zije ofisini. Aingie nyuma ya darasa, dakika 10, mara moja kwa wiki kwa kila mwalimu, akiwa na karatasi yenye maswali 3: zimepita dakika ngapi kabla ya mtoto wa mwisho kuanza kazi? Mwalimu amelipa darasa mgongo kwa dakika ngapi? Ametaja majina ya watoto wangapi kwa sifa, na wangapi kwa kukemea? Karatasi hiyo asiitie kwenye faili. Ampe mwalimu mwenyewe mchana ule ule, wakiwa wawili, na wiki inayofuata arudi na karatasi nyingine ya maswali yale yale.